Anwani ya Kengele

Imeandikwa: 3 Februari
Imepokelewa: 10 Februari

Mwanangu Fundi,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, kile kifua kimetulia, na unakula wakati wa kula, si wakati unapokumbuka. Mimi sijambo. Nyonga inauma ikijisikia na inaacha ikijisikia, nami sina kauli. Ngazi za jengo sijazishuka tangu uliponileta hapa, na sioni kama nitazishuka kwa miguu yangu. Lakini dirisha la jikoni linatazama karakana ya baiskeli, na mwenye karakana ni mtu wa matusi ya kupendeza, kwa hiyo sikosi burudani.

Linalonifanya niandike ni kishikwambi. Tangu Jumapili hakitoki nje. Kinawaka, picha za zamani zinafunguka, ila nikitaka kumpigia mtu kinaniandikia kwamba kifaa hiki hakijaruhusiwa. Luninga inafanya kazi. Kamera ya mlangoni inafanya kazi, maana nasikia inavyogeuza shingo mtu akipanda. Kile kisanduku cha kengele ukutani kina taa yake ya kijani, na kitufe chake kiko shingoni kwangu kama ulivyoagiza, hata bafuni. Ni mimi tu niliyefungiwa nje nikiwa ndani.

Najua utasema mbona nakuandikia kwa posta jambo la mtandao. Mwanangu, simu sina, na hicho kishikwambi ndicho kilichokuwa simu. Isitoshe, kwetu jambo la maana linaandikwa kwenye karatasi, anayeandika anaweka tarehe yake na anayepokea anaweka yake. Ulikuwa mdogo, labda umesahau ilikotoka desturi hii. Tulipokuwa tukihamishwa kambi hadi kambi, barua zilitufuata na kuzeekea njiani. Shangazi yako aliniuliza kama nimepona homa. Nilikuwa nimepona, nikaugua tena, nikapona tena. Ndipo nikaanza kuandika juu ya kila barua siku iliyonifikia, nijue habari ina umri gani kabla sijaanza kulia au kucheka. Tafadhali endelea kufanya hivyo.

Mfagiaji wa ngazi ndiye anayenipelekea barua posta. Anakusalimu.

Kiangalie kishikwambi.

Mama yako


Imeandikwa: 11 Februari
Imepokelewa: 18 Februari

Mama, shikamoo.

Barua imefika, na tarehe nimeandika juu kabla sijaisoma, usije ukanipa adhabu ya kusimama kona. Mimi mzima. Kazi ni nyingi: hoteli nzima imebadilisha nyaya na mimi ndiye ninayetambaa darini kama panya mwenye mshahara.

Sasa nikueleze, maana wewe ni mkutubi na utaelewa haraka kuliko wateja wangu. Ruta, ile mashine inayogawa mtandao, haijui watu. Haimjui mama wala mwana. Inajua anwani. Kila kifaa kikiingia nyumbani kinapewa anwani, na mimi nimezifunga zisibadilike, kila kimoja na yake, kama kitabu na mahali pake kwenye rafu. Kengele yako mwisho wake ni 14. Nimeiandika kwenye kibandiko chini ya kisanduku siku nilipokifunga. Kishikwambi ni 22. Pembeni ya kila anwani naandika jina, lakini jina ni la macho yangu tu, nione nikiwa huku mbali nani anafanya nini. Anwani moja, kifaa kimoja. Viwili vikidai anwani moja vinagombana na hakuna kinachosikika.

Na nimeweka sheria: hakuna kinachotoka nje ya nyumba ila kwa ruhusa yangu. Ya Kengele nimeiacha wazi usiku na mchana. Ukibonyeza, simu yangu inalia popote nilipo, nami nampigia muuguzi wa mtaa wa pili. Ana ufunguo, atakuwa kwako kabla chai haijapoa.

Kishikwambi hakijaharibika, Mama. Nimekifunga mimi. Kila jioni nilikiona kinaongea saa nzima, na nikaona kinaongea na wapi. Unajua tulichokubaliana siku nilipokuchukua. Yule mtu alisimama mahakamani, mbele ya watu waliokuwa wakiniheshimu, akaeleza mambo ya jikoni kwangu kama anasoma taarifa ya habari. Mke akaondoka, watoto wakaondoka. Sitaki sauti yake ipite kwenye waya ninaoulipia mimi.

Pale palipoandikwa "Mama" kwenye orodha yangu, nimeandika "Mgeni". Tutarudisha jina ukirudisha akili.

Luninga nimekuongezea chaneli ya maua.

Mwanao


Imeandikwa: 19 Februari
Imepokelewa: 26 Februari

Mwanangu,

Sina budi kuuliza hali yako kwanza, kwa kuwa ndivyo nilivyokufunza. U hali gani? Mimi nimelala vibaya, na si kwa sababu ya nyonga.

Kuhusu "Mgeni": nimeitwa hivyo na watu wenye mihuri na bunduki, mara nyingi, wala sikufa. Ila wao hawakunyonya kwangu. Basi, tuliache hilo.

Nilikuwa sitaki kukwambia jambo hili kwa sababu nililiona si langu kulisema, lakini umenibana. Chiriku anaumwa. Dada yako yule yule, uliyempa jina hilo mwenyewe kwa sababu alianza kuongea alfajiri na hakunyamaza hadi alipolazwa. Ana uvimbe kooni. Madaktari wa huko aliko wamesema ama koo, ama yeye. Tarehe kumi na saba ya mwezi wa nne wanampasua na kuondoa sehemu yote inayotoa sauti. Atapona, inshallah. Atakula, atatembea, atacheka kwa mabega. Lakini hatasema tena.

Ndiyo sababu ya ile saa nzima kila jioni. Hatuongei makubwa. Ananisomea. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwasomea ninyi wawili, wewe ukilala ukurasa wa pili naye akidai ukurasa mwingine? Sasa yeye anasoma nami nasikiliza, macho yangu hayawezi tena maandishi madogo. Sauti yake imekwaruza, inakatika, anakunywa maji, anaendelea. Tunakaribia mwisho wa kitabu. Wote wawili tunajua tunafanya nini, na hakuna anayelisema.

Ulikasirika, na una haki ya kukasirika nyumbani kwako. Sikuombi umsamehe. Sikuombi uongee naye. Nakuomba hii miezi miwili tu. Baada ya hapo hutakuwa na sauti ya kuizuia.

Nifungulie 22. Niite jina lolote.

Mama yako


Imeandikwa: 27 Februari
Imepokelewa: 6 Machi

Mama, shikamoo.

Pole kwa kukosa usingizi. Mimi nalala vizuri.

Nimesoma habari za koo. Nimezisoma nikiwa kazini, nikakaa juu ya ngazi yangu nikacheka mpaka msaidizi wa hoteli akauliza kuna nini. Si kwamba namwombea mabaya. Ila hebu fikiri: koo! Angeweza kuugua mguu, angeweza kuugua sikio. Mungu ana mpangilio kuliko mimi.

Unasema baada ya hapo hatasema tena. Angenyamaza miaka sita iliyopita, mimi leo ningekuwa nasikia watoto wangu wakigombania sabuni. Mimi nani alinipa miezi miwili? Niliporudi nyumbani kutoka mahakamani vitanda vyao vilikuwa vimeshatandikwa, mashuka safi, kama hotelini. Hata kusikia sauti zao za kwaheri sikupewa.

Kwa hiyo jibu ni hapana. 22 imefungwa na itabaki imefungwa. Mfagiaji nimemkataza kukuazima simu yake, na kwa kuwa mshahara wake unatoka kwangu, ameelewa upesi. Ukitaka kitabu, nitakununulia cha maandishi makubwa.

Usinune. Kununa kwa umri wako kunaongeza shinikizo la damu, na muuguzi akija bure ananilaumu mimi.

Mwanao


Imeandikwa: 2 Aprili
Imepokelewa: 9 Aprili

Mwanangu Fundi,

Habari za siku nyingi. Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia na naona nawe hukuuliza, basi tuko sawa. Hujambo? Kifua? Mvua zimeanza huku na jengo linanuka rangi mbichi.

Mimi sijambo kabisa. Mfagiaji anasema nimenawiri. Mwenye karakana ya baiskeli amegombana na mteja aliyemletea baiskeli ya mkewe kuuzwa, na kwa matusi aliyoyatoa ningemfungulia rafu nzima peke yake. Chaneli ya maua naitazama asubuhi. Kuna ua moja linachanua mara moja tu kisha mmea wenyewe unakufa. Wakalionyesha polepole hadi nikachoka nalo.

Hilo la kishikwambi silirudii. Umesema hapana, nimesikia.

Nilitaka tu kukushukuru kwa ile barua yako ya Februari, ulipoeleza mambo ya anwani. Uliieleza vizuri sana. Tangu utoto ulikuwa na kipaji cha kufundisha, sijui kwa nini ukakimbilia madarini. Nimeisoma tena na tena kwa lenzi, na kila nikirudia naona jipya.

Kula vizuri.

Mama yako


Imeandikwa: 10 Aprili
Imepokelewa: 17 Aprili

Mama,

Shikamoo, ingawa leo inanikwama.

Ile barua yako ilikuwa tamu mno. Wewe huwa hushukuru. Nikajiuliza, bibi huyu ana nini? Nikafungua orodha ya vifaa vya nyumbani kwangu, ambayo kwa wiki nyingi sijaitazama kwa sababu ya hii hoteli, na nimekuta nini? "Mgeni" amelala, hajaguswa. Lakini "Kengele", kila jioni, inazungumza saa nzima.

Mama, kengele haiongei saa nzima. Kengele inasema neno moja na kunyamaza.

Nimelifumbua haraka. Unachomoa kisanduku ukutani, unakiandikia kishikwambi anwani ya 14 kwa mkono, na ruta inadhani ni kengele inapita. Ukimaliza unachomeka tena kisanduku. Mwanafunzi bora! Mtu asiyeweza kufungua kopo la maziwa bila kuniita. Lakini hebu angalia ulichofanya: saa nzima kila siku hukuwa na kengele. Ungeanguka, ungelala sakafuni na huyo msomaji wako akikutazama kutoka upande wa pili wa dunia, anakusomea. Ulimchagua yeye badala ya nyonga yako. Badala yangu.

Ningeweza kuifunga 14 sasa hivi nikiwa nimekaa. Sitaifunga. Hapo utasema Fundi alinifungia kengele, na muuguzi atanisema mtaani. Nimefanya jambo rahisi zaidi. Nimezima mlio wa Kengele kwenye simu yangu. Kengele ni simu sasa, si ndiyo? Na simu hizo mimi sizipokei. Ikilia itaandikwa kwenye skrini, nitaisoma nikipata nafasi, kama ninavyosoma matangazo.

Mfagiaji naye basi. Nimempigia, akakiri amekuona ukichomoa hicho kisanduku kila jioni na hakuniambia. Nimemwambia aje mara ya mwisho tarehe 18 kukusanya ndoo zake. Mahitaji yako duka litayaleta na kuyaweka mlangoni, hatua mbili kutoka kiti chako, hutapungukiwa.

Siku utakapokuwa tayari, niandikie kwa mkono wako: nimekosa, sitarudia. Kwa karatasi, kama desturi yetu. Nikiipata nitawasha mlio siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo usihangaike kubonyeza.

Mwanao


Imeandikwa: 21 Aprili
Imepokelewa:

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sijapata barua niliyokuomba, lakini naona umeamua kujibu kwa njia nyingine. Jumamosi, tarehe 18, asubuhi "Kengele" ililia. Ikalia tena. Hadi adhuhuri skrini yangu ilikuwa imejaa neno moja, Kengele, Kengele, Kengele, kama mtoto aliyegundua mlango wa jirani una kitufe. Jioni ikapungua. Jumapili ikalia mara moja moja, kwa kuvizia. Leo naona umechoka.

Nilijua utafika hapo. Kwanza ujanja, halafu vitisho. Unataka nishtuke, nimpigie muuguzi, akimbie na ufunguo wake akukute umekaa kwenye kiti unatazama maua, kisha wote wawili mnicheke. Nilishika simu kweli, sikufichi, namba yake ikiwa mbele yangu. Nikaiweka chini. Nikimpigia, umeshinda, na kuanzia hapo kila ukitaka kitu utabonyeza.

Kwenye kamera ya mlango naona mfuko wa dukani uko pale pale tangu Jumamosi. Maziwa yataharibika. Mgomo wa kula nao ni wa nini? Ulitufundisha wewe mwenyewe kwamba anayesusa chakula anamsusa mpishi, na mimi mpishi hapa sipo.

Nakujua, Mama. Ulibishana na maafisa wa mipaka mitatu, na wote walikuchoka kabla hujawachoka. Lakini mimi ni damu yako, huo ukaidi nimeurithi na riba juu. Tutaona nani ataandika kwanza.

Chukua huo mfuko.

Mwanao


Imeandikwa: 18 Aprili
Imepokelewa: 25 Aprili

Mwanangu Fundi,

Nakusalimu kwa mapenzi, na nakuombea afya, leo zaidi ya siku nyingine. Barua yako imenifikia jana. Nakujibu leo asubuhi upesi kwa kuwa mfagiaji amekuja kuchukua ndoo zake na anangoja mlangoni, analia na kujifanya ni vumbi. Yeye hana kosa. Nilimwambia napumzisha mashine.

Yote uliyoyasema ni kweli. Nilichomoa kisanduku, nikatumia 14, na nilijua natumia nafasi ya nini. Nimefanya kazi ya rafu maisha yangu yote. Najua ukiweka kitabu mahali pa kingine, kile kingine kimepotea hata kama kipo. Nilipima. Niliona saa moja ya sauti yake ina thamani kuliko saa moja ya usalama wangu. Wewe ungekuwa mgonjwa na yeye ndiye mwenye ruta, ningeiba kwa ajili yako vilevile, na ninadhani unalijua hilo, na ndilo linalokuudhi.

Jana wamempasua. Juzi jioni tulimaliza kitabu. Ukurasa wa mwisho aliusoma kwa kunong'ona, na alipofika chini akaniambia, "Mama, mwambie kaka nimenyamaza." Nimekupa kama alivyonipa. Sijui kama ilikuwa kejeli au salamu. Naye nadhani hakujua. Asubuhi ya leo nesi wake ameniletea habari kwenye kishikwambi, mara ya mwisho kwa anwani ile: yuko hai, amefungua macho, ameinua kidole gumba.

Basi sihitaji tena. Hutaki kuamini, lakini ni hivyo tu. Hakuna sauti ya kwenda kuisikiliza. Kishikwambi nimekizima na kukifungia kabatini chini ya mashuka. Kisanduku nimekichomeka ukutani, nimekiegemeza na kiti kisichomoke, na taa yake ya kijani inawaka. 14 ni ya kengele sasa, na haitakuwa ya kitu kingine maadamu niko humu ndani.

Uliniomba maneno, haya hapa kwa mkono wangu: nimekosa, sitarudia. Sikuyaandika kwa kinyongo. Katika umri huu nimeomba radhi kwa watu wabaya kuliko wewe, kwa mambo ambayo sikuyafanya.

Nawe sasa timiza lako. Niwashie mlio. Tangu jana nyonga imelegea, mguu wa kushoto haunisikii vizuri, na leo nimejishika kwenye sinki mara mbili. Mfagiaji akishaondoka sitakuwa na mtu. Ninajua barua hii itachukua wiki nzima njiani, nami nitajitahidi nisianguke kabla haijafika. Nitakaa tu kwenye kiti. Ukiipata usingoje kunijibu. Washa kwanza, andika baadaye.

Na ikilia, mwanangu, usijiulize ni nani anaongea na nani. Ni mimi.

Mama yako